MBOGA ZA MAJANI KARIBU NA NYUMBA
Namna ya kuziotesha kwa mbegu katika vijiji vilivyo kandokando ya migodi

Wazee wetu, na ninyi mama zetu, na vijana wenzangu: leo tutasema habari za mboga za majani, yaani lengalenga, shu, ngai-ngai na nyingine zinazooteshwa kwa mbegu. Najua wengine watacheka na kusema: «Monitere huyu ni kijana tu, naye anataka kutufundisha mboga? Mboga ni kazi ya wanawake, nao waliijua kabla yeye hajazaliwa.» Maneno hayo yana kweli, lakini si kweli yote. Mama zetu wajua mboga vizuri. Lakini nchi tunayokaa si ile waliyolimia nyanya zetu. Mahali palipokuwa na pori, leo pana shimo la shaba. Mto uliokuwa mweupe, leo una rangi. Mama aliyefundishwa na mama yake namna ya kumwaga lengalenga hakufundishwa namna ya kujua udongo wenye sumu, maana zamani hapakuwa na haja. Kwa sababu hiyo tunaandika.

Kwanza tuseme faida. Bukari hushibisha tumbo, wala hakuna mtu wa Katanga atakayekula asiseme hivyo. Lakini mtoto aliyeachishwa ziwa, akila bukari na chumvi kila siku, tumbo lake lajaa na mwili wake wabaki na njaa. Ngozi yake yageuka, macho yake yanaanza kushindwa jioni. Wenzake wakicheza wakati wa giza, yeye hujikwaa. Majani ya kijani yana kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, nayo ndiyo inayolinda macho. Tena yana chuma ya kusaidia damu. Mtoto apate majani hayo pamoja na mawese au mafuta ya karanga kidogo, kwa maana kitu kile cha macho hupita mwilini vema kikiwa na mafuta.

Zamani kampuni ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, iliwapa wafanyakazi wake posho. Mtu wa mgodi alizoea kupokea chakula kwa mkono, na watu wa vijiji vya karibu walizoea kuuza kidogo na kununua kingi. Mazoea hayo yaliingia ndani sana. Baadaye migodi ile ikawa ya Gécamines, na katika mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kazini kwa mara moja. Wengi wao wakashika jembe wakiwa wazee tayari. Basi tusingoje mpaka fedha ikatike ndipo tutafute mbegu. Lengalenga iliyomwagwa leo wakati wa joto yaweza kuwa katika sufuria baada ya majuma manne. Hakuna mshahara unaokuja upesi hivyo kwa mtu asiye na kazi.

MAHALI PA BUSTANI

Hapa nawaomba msome polepole, hata mkiruka mengine. Mbegu mbaya itakupotezea mwezi mmoja. Mahali pabaya patawadhuru watoto wako miaka mingi, nawe hutaona kwa macho.

Shaba ya nchi yetu haikai peke yake. Pamoja nayo mna kobalti, na mara nyingi risasi, zinki, kadimi na aseniki. Mawe yakichimbwa, kusagwa na kuchomwa, vitu hivyo hutoka kwa njia tatu: kwa moshi, kwa mavumbi na kwa maji. Tanuru la kuyeyusha shaba la Lubumbashi, mji ulioitwa Elisabethville hadi mwaka 1966, lilianza kazi mwaka 1911. Upepo wetu mara nyingi hutoka upande wa kusini-mashariki, basi moshi wake ulikwenda kaskazini-magharibi mwaka kwa mwaka. Huko ndiko kuliko mtaa wa Penga Penga. Walimu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamepima udongo wake, nao waliona vitu vyote hivyo nilivyovitaja. Miti ya pale ilikufa, udongo ukabaki uchi.

Sasa, mboga za majani ndizo zinazovuta vitu hivyo kuliko vyakula vingi, maana twala jani lenyewe. Mzizi wanywa, jani lahifadhi, mtu ala. Mtu aweza kuuliza: «Je, nikiosha sana?» Kuosha kwafaa, usiache kamwe, mavumbi yaliyo juu ya jani yataondoka. Lakini kile ambacho mzizi umekwisha kunywa hakiondoki kwa maji, wala kwa kuchemsha, wala kwa chumvi. Vilevile usidanganywe na uzuri wa jani. Mboga yaweza kuwa nene na kijani kibichi, na ndani yake mna kadimi isiyo na harufu wala ladha.

Basi tazama dalili. Mahali palipo na mawe ya rangi ya kijani juu ya ardhi, usipande. Mahali ambapo katikati ya msitu pana uwanja usio na mti hata mmoja, wenye nyasi fupi na maua madogo ya rangi ya buluu au zambarau, usipande: watafutaji wa shaba wa zamani walifuata maua hayo kama mtu afuatavyo nyayo za mnyama. Wazee wenye kuijua nchi wanazijua sehemu hizo; waulizeni. Lakini dalili hizo ni za shaba iliyokuwako tangu mwanzo. Uchafu ulioletwa na kazi ya watu hauna maua. Ujiulize: Je, hapa palimwagwa mchanga wa kiwanda? Je, magari ya mawe hupita karibu na kutimua vumbi? Je, watu walisafisha mawe hapa, au walitwangia hapa kobalti? Ukijibu ndiyo kwa neno moja tu, nenda mahali pengine.

Habari ya maji ni ileile. Bustani iwe juu ya mto, si chini, kupita mahali wanapooshea mawe. Mama mwenye kisima safi nyuma ya nyumba, na awe na tuta dogo hapo, amepata kuliko mwenye shamba kubwa katika dembo linalopokea maji ya kiwanda. Najua madembo hupendwa kwa kuwa yana maji hata wakati wa kipwa. Pendeni yale ambayo maji yake yatoka porini. Tena nasema jambo ambalo nimeliona katika vijiji vingi: watu huchukua madumu yaliyotiwa asidi ya kiwanda na kuchotea maji ya bustani, na magunia yaliyochukua mawe ya kobalti hutiwa mbolea, hata mbegu. Vitu hivyo visiingie bustanini. Baba arudipo kutoka shimoni, nguo zake za kazi zifuliwe mbali na matuta ya mboga.

Ikiwa kijiji chote kiko karibu na uchafu, na mtu hana pa kwenda, afanye hivi: ajenge tuta la juu, kwa matofali au kwa miti, lenye kina cha sentimita 40 au zaidi, chini yake atandike turubai lililotobolewa ili maji yapite, kisha ajaze udongo ulioletwa kutoka mbali pamoja na mbolea iliyooza. Chokaa pia husaidia, kwa maana katika udongo mchachu mimea huvuta sumu nyingi zaidi, na chokaa huondoa uchachu. Husaidia, sikusema huponya. Kuhama mahali ni bora kuliko chokaa.

UDONGO NA TUTA

Udongo wetu mwekundu ni mchachu, tena maskini. Mahindi huvumilia, mboga hazivumilii. Karibu na vijiji vingi viko vichuguu vikubwa vya mchwa, vingine virefu kuliko nyumba. Udongo wa kichuguu una chokaa na unashika maji kuliko udongo wa kando, na ndiyo sababu wazee walipanda mboga na tumbaku juu yake. Chukueni udongo huo, mwuvunje uwe laini, mchanganye katika matuta. Lakini kichuguu kilichojengwa juu ya uwanja wa shaba kiachwe, maana mchwa nao hupandisha vilivyo chini.

Tuta liwe na upana wa metre moja, usizidi kwa kuwa mkono lazima ufike katikati bila kukanyaga. Urefu wa metre tano watosha kwa kuanza. Wakati wa masika tuta liinuliwe kiganja kimoja ili mvua isizamishe miche. Wakati wa kipwa liwe chini sawasawa na ardhi, na kando zake ziinuke kidogo, ili maji uliyoyachota kwa jasho yasikimbie. Lima kwa kina cha jembe, toa mizizi, vunja mabonge. Udongo wa juu ya tuta uwe kama unga mbichi wa mahindi, kwa sababu mbegu ya lengalenga ni ndogo sana. Katika gramu moja mna mbegu zaidi ya 2,000. Mbegu ndogo namna hiyo haina nguvu ya kupasua bonge.

Mbolea: ndoo moja ya lita 10 kwa kila metre moja ya mraba. Mavi ya mbuzi, ya nguruwe, ya kuku, yote ni mazuri yakiwa yameoza. Yakiwa mabichi, hasa ya kuku, yataunguza miche, nawe utasema mbegu ilikuwa mbaya. Chimba shimo nyuma ya nyumba, weka humo mavi ya wanyama, majani, maganda na takataka za jikoni, nyunyizia maji, funika kwa nyasi, geuza kila majuma matatu. Baada ya miezi mitatu au minne yatakuwa meusi, tena bila harufu mbaya. Mavi ya watu yasitiwe katika mboga. Majivu ya kuni ni mazuri, konzi mbili kwa metre ya mraba. Lakini majivu ya plastiki, ya betri na ya mbao zilizopakwa rangi ni sumu.

MAJIRA

Mvua zetu huanza Oktoba au Novemba na kukoma Machi au Aprili. Lengalenga ni rafiki wa joto: ukiimwaga tangu Septemba, ukiwa na maji, hata Machi, itakua upesi. Katika mwezi wa Juni na Julai usiku una baridi kali, na katika madembo mengine asubuhi umande huganda ukawa mweupe. Wakati huo lengalenga husinyaa na kutoa maua ikiwa bado fupi. Hapo ndipo pa shu. Kabichi yenye kichwa hupenda baridi ya kipwa. Shu ya Kichina nayo huota, ila ikiona baridi nyingi huwahi kuchanua, basi uivune mapema. Ngai-ngai imwagwe mvua zinapoanza, kwa kuwa siku zikifupika itataka maua badala ya majani.

Katika habari ya sombe na matembele sina la kuongeza hapa, kwani hazipandwi kwa mbegu, na kila nyumba inazo. Nakumbusha neno moja tu: sombe itwangwe vema na kuchemka sana, maana jani la muhogo lina sumu yake. Lengalenga haitaki hayo. Ukiipika saa nzima waipotezea nguvu bure.

MBEGU

Mbegu ya dukani yaweza kuwa nzuri, na yaweza kuwa imekaa juani katika kibanda cha soko miaka mitatu. Soma tarehe juu ya kopo au bahasha. Ukiona mbegu imetiwa rangi nyekundu, buluu au kijani, hiyo ni dawa ya kuilinda: usiipe kuku, usiile, nawa mikono.

Mbegu yoyote, ya dukani au ya jirani, ijaribiwe kwanza. Hesabu mbegu 20. Weka juu ya kitambaa kilichoroweshwa, kikunje, kiweke katika sahani mahali pa joto jikoni, kisikauke. Siku ya tano au ya sita kifungue na kuhesabu. Zikiota 15 au zaidi, mbegu ni njema. Zikiota 10, mwaga mara mbili. Zikiota nne au tano, usipoteze mbolea yako wala maji ya mama. Jaribio hili halina gharama, wala sioni sababu ya mtu mzima kulima matuta manne kabla ya kulifanya, lakini ndivyo wengi wafanyavyo.

KUMWAGA

Kwa tuta la metre tano za mraba, kijiko kimoja cha chai cha mbegu ya lengalenga chatosha. Mtu atasema ni kidogo mno. Ni nyingi. Changanya kijiko hicho na vijiko kumi na zaidi vya mchanga mkavu, ukoroge sana, ndipo mkono wako utaweza kuitawanya sawasawa. Gawanya fungu hilo mara mbili: nusu ya kwanza uitawanye ukienda, nusu ya pili ukirudi. Kisha pitisha tawi juu yake kwa wepesi, au nyunyiza udongo laini wa unene wa nusu sentimita tu. Mbegu iliyofukiwa kwa kidole kizima haitaonekana tena. Gandamiza polepole kwa ubao, ili udongo uishike mbegu.

Funika kwa nyasi chache. Nyasi huzuia matone ya mvua yasiifukue mbegu, nazo hutunza unyevu. Kila siku inua nyasi kidogo utazame. Siku ya tatu hata ya tano wakati wa joto utaona nyuzi nyekundu au za kijani: siku hiyohiyo, jioni, ondoa nyasi. Ukichelewa siku mbili, miche itakuwa mirefu, myeupe na dhaifu, na kubanwa na nyasi itaanguka.

Kwa shu njia ni nyingine. Imwage katika kitalu kidogo, kwa mistari yenye kuachana kiganja kimoja, kina cha sentimita moja. Juu ya kitalu jenga kivuli cha majani, kimo cha goti, ukipunguze kila juma ili miche izoee jua. Kitalu kikisongamana na kulowa daima, miche hukatika shinani karibu na udongo kama imeungua. Hiyo ni kuvu. Punguza maji, punguza miche, usirudie kitalu mahali palepale.

Baada ya majuma matatu au manne, mche wa shu ukiwa na majani manne au matano, uhamishe. Fanya hivyo jioni au siku ya mawingu. Mwagilia kitalu kwanza, ng'oa kwa kijiti na udongo wake, panda ukiacha sentimita 40 hadi 50 kwa kabichi yenye kichwa, na 25 hadi 30 kwa shu ya Kichina. Moyo wa mche usifukiwe. Kisha vuta jani moja taratibu: likikatika na mche ukabaki, umepanda vema, mche ukitoka wote, hukuugandamiza.

MAJI

Tuta moja la metre tano za mraba lataka kama ndoo tatu au nne za lita 10 kila siku ya kipwa, nusu asubuhi mapema na nusu jioni. Basi nawaambia wenzangu wanaume neno hili bila kuogopa: msilime matuta kumi kama atakayechota maji ni mama peke yake, na kisima kiko mbali. Matuta kumi ni ndoo 30 na zaidi kwa siku. Nimeona bustani nyingi zilizoanza kwa kelele mwezi wa Mei na kukauka mwezi wa Julai, si kwa ugonjwa wala kwa wadudu, bali kwa mgongo wa mwanamke mmoja. Hesabu ndoo kwanza, ndipo ulime. Matuta mawili yenye maji hulisha nyumba; uyamwage kwa kupishana majuma mawili, ili moja likivunwa jingine liwe linakua.

Mwagilia kwa kopo lililotobolewa kwa msumari mdogo. Maji yakimwagwa kwa ndoo hufukua mizizi. Miche ikiwa imara, tandaza nyasi kavu katikati yake. Jua halitakausha udongo upesi, na magugu yatapungua.

KUPUNGUZA NA KUVUNA

Majuma mawili au matatu baada ya kumwaga, lengalenga itakuwa imesongamana. Ng'oa iliyo midogo na iliyobanana, ukiacha sentimita 10 hata 15 kati ya mashina. Usiitupe: hiyo ndiyo mboga ya kwanza, laini kuliko zote, nayo ni njema kwa mtoto. Majuma manne hata sita ikiwa imefika kimo cha goti, kata vichwa kwa kisu kikali, sentimita 15 juu ya ardhi, ukiacha majani mawili matatu ili itoe matawi. Baada ya majuma mawili utakata tena. Ukikata, tia mbolea kidogo na maji siku hiyo. Shina likianza kuwa gumu na maua kutokea, ng'oa lote, anza upya.

Vuna asubuhi kabla ya jua, hasa kama ni ya kuuza. Msiioshe mboga ya soko katika mto wenye uchafu kwa ajili ya kuifanya ing'ae. Kipindupindu kimepita katika nchi yetu mara nyingi, na maji machafu ni njia yake.

WADUDU

Viwavi vya kijani hukunja majani ya lengalenga kwa nyuzi na kula ndani. Pita asubuhi, viponde kwa vidole. Watoto huipenda kazi hii wakihesabiwa. Katika shu wako chawa wa majani, wadogo na wa kijivu: changanya sabuni kidogo katika maji, nyunyizia upande wa chini wa jani, maana ndiko wanakojificha. Majivu makavu hufukuza wadudu wengine, ila mvua huyaondoa. Ukiona malengelenge meupe chini ya jani la lengalenga, ni ugonjwa wa kuvu: ng'oa mimea hiyo, ichome mbali, usiitie katika shimo la mbolea. Na shu isirudiwe katika tuta lilelile mwaka kwa mwaka.

Dawa za madukani zina nguvu, lakini mboga ya majani huliwa upesi baada ya kunyunyiziwa. Dawa ya pamba au ya mahindi isitumike juu ya mboga. Chupa isiyo na maandishi msiinunue.

MBEGU YA MWAKA UJAO

Kabichi yenye kichwa haitoi mbegu kwa urahisi katika nchi yetu. Hiyo lazima inunuliwe. Mbegu ya chotara vilevile, watoto wake hawatafanana na mama. Lakini lengalenga na ngai-ngai haifai mtu azinunue mara mbili.

Chagua mashina sita hata kumi yaliyo mazuri, yenye majani mapana, tena yale yanayochelewa kuchanua. Hapa wengi hukosa: huvuna yote mazuri na kuacha mbegu kwa yale yaliyochanua upesi, maana hayafai tena kuliwa. Kwa kufanya hivyo miaka mitatu minne, lengalenga ya kijiji kizima hugeuka kuwa yenye kuchanua upesi, kisha watu husema ardhi imechoka. Mashina ya mbegu yafungwe kitambaa chekundu, na kisu kisiyaguse. Ukiwa na lengalenga ya rangi mbili, uziweke mbali mbali, zisichanganyike.

Kama miezi mitatu baada ya kumwaga, tikisa masuke juu ya kiganja. Mbegu nyeusi zikianguka, kata masuke asubuhi, yatandaze juu ya kitambaa kivulini siku nne tano, yapige kwa fimbo, pepeta kwa lungo katika upepo mdogo. Kausha tena mbegu siku mbili, si juu ya bati la moto. Kisha itie katika chupa kavu pamoja na majivu makavu ya kuni yaliyopoa, funga kwa kizibo na nta au mpira, andika juu yake jina la mboga na mwaka, iweke mahali pa baridi penye giza, mbali na moshi wa jiko. Kabla ya kumwaga Septemba, toa mbegu 20 na kuzijaribu katika kitambaa kama nilivyosema.